Stauti ya kifalme yenye pilipili na vanila: kwa nini ulipata moto tu?

*"Mtaalamu, nimeletewa zawadi ya chupa mbili za stauti ya kifalme. Lebo inasema ina kilevi cha asilimia 11, na kwamba imetiwa kakao, vanila, mdalasini na pilipili kavu aina ya ancho. Juzi nilifungua moja. Niliilaza kwenye friji usiku kucha, nikaimimina kwenye glasi ndefu na kuinywa kama ninavyokunywa bia zangu zote. Funda la kwanza halikuwa na shida, lilikuwa chungu tu kama kahawa iliyoungua. Baada ya kumeza, koo likawaka. Vanila sikuiona, mdalasini niliubahatisha, kakao hakuna kabisa. Povu lilikuwa dogo na likafa haraka, na chini ya chupa kulikuwa na mashapo. Rafiki yangu mmoja anasema imeharibika. Mwingine anasema ulimi wangu haujazoea vitu vikali, niendelee kunywa tu nitazoea. Nilimaliza chupa kwa kujilazimisha, na kifua kikaniwaka hadi usiku wa manane. Je, bia ilikuwa mbovu, au mimi ndiye sijui kuonja? Na hiyo chupa ya pili niifanyeje?"*

Ndugu yangu, nianze na linalokusumbua zaidi. Kwa dalili ulizozitaja, bia haikuharibika, na ulimi wako ni mzima. Ulikutana na bia hii ikiwa katika hali inayoficha karibu kila kizuri ilicho nacho na kuacha nje vitu viwili tu, uchungu na moto. Mimi huonja bia za aina hii kwa kazi, na ungenipa glasi ileile yenye baridi ileile ningekuandikia maneno yaleyale uliyoniandikia wewe.

Tuelewane kwanza kuhusu kinywaji chenyewe. Stauti ya kifalme, au imperial stauti kama wanywaji wanavyoiita, ilizaliwa London karne ya 18, pale watengenezaji wa bia nyeusi walipopika toleo zito la kupeleka Urusi. Kiwanda cha Thrale kule Southwark, ambacho mwaka 1781 kilipita mikononi mwa wenye jina la Barclay Perkins, kilisifika kwa bia iliyofika hadi kwa Malkia Catherine wa Pili. Ufalme uliomo kwenye jina ulitoka huko. Siku hizi bia hii huwa na kilevi cha kati ya asilimia 8 na 12, mara nyingine zaidi. Ili kufika hapo mpishi hutumia kimea kingi mno. Hamira hula sukari nyingi lakini haiimalizi, na ile inayobaki ndiyo inayoipa bia uzito wa kunata midomoni. Kisha uchungu wa hopsi, yale maua yanayotiwa kwenye bia, hupandishwa makusudi ili utamu usikinaishe.

Weusi wake hauhusiani na kilevi. Unatokana na nafaka iliyokaangwa hadi kukaribia kuungua, na sehemu ndogo tu ya nafaka hiyo inatosha kuifanya bia nzima iwe nyeusi tii. Kimea cheusi cha namna hiyo kilipatikana baada ya Daniel Wheeler kupata hataza ya pipa lake la kukaangia mwaka 1817. Guinness Draught ni nyeusi pia, na kilevi chake ni kama asilimia 4.2 tu. Nalitaja hili kwa sababu mtu akiona weusi hudhani kila kinachomchoma kinatoka humo, na anaacha kusoma namba iliyo kwenye lebo. Namba yako ni 11. Kama chupa ilikuwa ya mililita 330, basi ulikunywa kilevi kilichomo kwenye mililita 700 na zaidi za bia ya asilimia 5. Ulikinywa kwa mwendo wa bia ya kawaida, tena kwa kujilazimisha.

Sasa tuje kwenye baridi, maana hapo ndipo mambo yalipoharibikia.

Friji nyingi hukaa kwenye nyuzi joto 4 za Selsiasi au karibu na hapo. Kwenye baridi hiyo harufu haziruki kutoka kwenye bia, zinabaki zimelala ndani yake. Na vanila ni harufu. Ulimi hauna sehemu ya kuitambua. Tunasema "utamu wa vanila" kwa sababu tumezoea kuikuta kwenye vitu vyenye sukari, lakini vanila yenyewe haina utamu. Mdalasini ni hivyohivyo kwa sehemu kubwa. Kakao nayo huleta uchungu ulimini, na ule ukakao tunaoupenda unapitia puani.

Jaribu kitu kimoja kabla hujafungua chupa ya pili. Chukua kipande kidogo cha kijiti cha mdalasini (usitumie unga, unaweza kukupalia), ubane pua kwa vidole, ukitafune taratibu. Utasikia ukuni, utamu kidogo, na joto fulani kwenye ncha ya ulimi. Basi. Kisha achia pua, mdomo ukiwa umefungwa, utoe pumzi kupitia puani. Mdalasini wote unakuja kwa mkupuo, kana kwamba mtu ameuweka kinywani sasa hivi. Haukuja kutoka nje. Umepanda kutoka nyuma ya kinywa kuelekea puani, na njia hiyo ndiyo unayoihitaji kwa bia hii kuliko ulimi. Bia ya baridi kali huifunga njia hiyo, kwa sababu haitoi cha kupanda.

Baridi hufanya jambo jingine tena. Ulimi ukipoa, utamu hufifia. Uchungu ukikosa utamu wa kuubembeleza unasimama peke yake na kuonekana mkubwa kuliko ulivyo. Ile "kahawa iliyoungua" uliyoisikia ipo kweli ndani ya bia. Kilichokosekana ni mwenzake.

Na moto je? Ukali wa pilipili si ladha, ni maumivu. Kapsaisini, kemikali inayowasha iliyomo kwenye pilipili, hushika kwenye kipokezi cha neva ambacho kazi yake ni kukuonya kwamba unaungua. Kwa kawaida kipokezi hicho huamka joto likizidi nyuzi 43 hivi. Kapsaisini ikikigusa, ubongo hupokea taarifa ya kuungua ingawa hakuna kinachoungua. Timu ya mwanasayansi David Julius ilikitambua mwaka 1997, na mwaka 2021 Julius akapata Tuzo ya Nobel ya tiba pamoja na Ardem Patapoutian. Kilevi nacho hukigusa kipokezi hikohiko na kukifanya kiwe mwepesi wa kuamka, kwenye nyuzi 34 hivi badala ya 43. Joto la mwili wako ni 37. Kwa hiyo mbele ya kilevi, joto lako mwenyewe linatosha kukuunguza, na hiyo ndiyo sababu pombe kali huchoma hata isipokuwa na pilipili. Ukiweka pilipili juu ya kilevi cha asilimia 11, na gesi ambayo nayo hutekenya na kuchoma, unapata koo lako la juzi.

Sasa utaelewa kwa nini funda la kwanza "halikuwa na shida". Baridi hukituliza kipokezi hicho kwa muda. Bia ilipita kinywani ikiwa baridi, ukaimeza, koo likarudia joto lake, na kapsaisini iliyokwisha kushika ikaanza kazi. Baridi haikukupunguzia moto hata kidogo. Iliuahirisha hadi ukafika mahali usipoweza kuutema.

Jambo hili linanigusa kwa sababu ancho si pilipili kali. Ni poblano, pilipili ya Meksiko, iliyoiva na kukaushwa, na kwenye kipimo cha Scoville, kinachopima ukali wa pilipili, huwa kati ya 1,000 na 2,000, ilhali habanero hupita 100,000. Kipimo chenyewe kinaieleza bia yako vizuri. Wilbur Scoville, mwaka 1912, aliloweka pilipili kwenye kilevi ili kuvuta ukali wake, kisha akauzimua kwa maji ya sukari mpaka waonjaji wake wasiusikie tena. Kilevi kinavuta, sukari inaficha. Mpishi wa bia yako alitegemea mambo hayohayo mawili: kilevi kivute kilichomo kwenye pilipili, na utamu wa kimea uubebe. Ulipoipoza kupita kiasi, ulimwondolea sukari ukamwachia kilevi.

Ukiacha moto, ancho ina ladha nzuri sana ya zabibu kavu, tumbaku na chokoleti chungu, na wapishi wengi huichagua kwa ajili hiyo. Mchanganyiko wa kakao, vanila, mdalasini na pilipili umekuwa kama familia kamili ndani ya stauti za Marekani, kwa kufuata vinywaji vya kakao vya Meksiko. Abraxas ya kiwanda cha Perennial kule St. Louis imo, na Hunahpu's ya Cigar City kule Tampa pia, zote zikiwa na ancho. Mexican Cake ya Westbrook hutumia habanero, na moto wake ni wa namna nyingine kabisa, wa mbele na wa haraka. Kwa hiyo ukisoma "pilipili" kwenye lebo, tafuta ni pilipili gani. Neno hilo moja linakueleza zaidi kuliko picha zote za moto zilizochorwa kwenye chupa.

Rafiki yako aliyekwambia uendelee kunywa tu utazoea, hapo simuungi mkono hata kidogo. Ni kweli kwamba mtu anayekula pilipili mara kwa mara kwa miaka huungua kidogo kuliko asiyekula. Lakini ndani ya kikao kimoja, mafunda ya kufuatana bila kupumzika huupandisha moto, kila funda likiongezea lililotangulia. Ukisimama dakika 10 au 15 ndipo neva hupoa, na mara nyingi funda linalofuata huchoma kidogo kuliko la kwanza. Ulijilazimisha. Ukajirundikia moto.

Na maji hayakusaidii, kwa sababu kapsaisini haiyeyuki vizuri kwenye maji. Yanaituliza kwa baridi yake kwa sekunde chache na moto unarudi. Kinachosaidia ni maziwa, ambayo protini zake huishika kapsaisini na kuiondoa, au kipande cha mkate mweupe, au kijiko cha sukari. Mimi huweka glasi ndogo ya maziwa pembeni ninapoonja bia ya pilipili. Ninaitumia baada ya kumaliza kuandika, kwa sababu mafuta yake hubaki ulimini na kuniharibia funda linalofuata.

Sasa tuionje upya. Toa chupa kwenye friji na umimine mililita 100 tu, si zaidi, kwenye glasi yenye tumbo pana na mdomo mwembamba. Glasi ya mvinyo inafaa kabisa. Ile glasi ndefu uliyotumia imetengenezwa kwa bia nyepesi inayonywewa kwa mafunda makubwa. Harufu zinatoka na kupotea hewani. Mashapo yaache chini ya chupa, ni hamira na vumbi la viungo. Hayana madhara, ila yanaleta uchungu wa ganda la mti. Kisha subiri. Unataka bia ifike kati ya nyuzi 10 na 14, na kiasi hicho kidogo, glasi ikiwa mkononi, hufika hapo baada ya robo saa hivi.

Subira hiyo ndiyo wengi wanaiona ya kuchosha, nami ndiyo ninayoipenda kuliko yote. Majuzi nilikaa na bia ya namna hii nikaandika neno moja au mawili kila ilipobadilika. Ilipotoka tu kwenye friji niliandika "mkaa, chuma". Dakika ya 12: "unga wa kakao, ganda la mdalasini". Dakika ya 25 nilisahau kuandika, kwa sababu vanila ilikuwa imefika. Haikuwa vanila ya keki. Ilikuwa ya ganda lenyewe, yenye harufu ya ngozi na mbao kavu, na nyuma yake zabibu. Kilevi kilikuwa kimejificha chini ya vyote hivyo. Kufikia dakika ya 40 kilevi kilianza kuchoma puani kabla ya kitu kingine chochote, nikajua kilele kimepita. Ni glasi ileile. Mtu aliyeimaliza kwa dakika tano angekutana na mkaa na chuma peke yake.

Kunusa kuna namna yake. Usiingize pua yote ndani ya glasi, kilevi kitaizima. Ishike glasi chini ya kidevu, uvute pumzi fupi fupi, kisha uipandishe kidogo kidogo. Chukua funda dogo, kijiko kimoja cha chai hivi, uliache likae ulimini sekunde tatu, umeze, ufunge mdomo, utoe pumzi kwa pua. Hapo ndipo bia inapokueleza ilicho nacho. Moto wa pilipili utakuja baada ya sekunde kadhaa. Uache uje, uupime unakaa wapi: ukikaa nyuma ya koo na kutulia kama joto la kifuani, mpishi amefanya kazi yake. Ukishika midomo na ncha ya ulimi na kukataa kuondoka, amezidisha.

Na hapa kuna swali ninalojiuliza kwa kila bia ya viungo, na ningependa ulichukue: nikiviondoa viungo hivi akilini, bia iko wapi? Kwenye stauti nzuri, chini ya mdalasini unasikia bado nafaka iliyokaangwa, asali nyeusi ya kimea, uchungu unaoshika mwishoni. Vanila hulainisha kingo. Kakao huurefusha uchungu wa nafaka, na vipande vyake havileti utamu wowote, kwa hiyo usimlaumu mpishi kwa kukosa chokoleti ya kula. Mdalasini ndio mgumu zaidi kuupima. Ukikaa ndani ya bia siku chache zaidi ya inavyotakiwa, unaacha kuwa harufu na kuwa gome: kinywa kinakauka, fizi zinakaza. Karafuu nayo inautia ulimi ganzi, kwa sababu eujenoli, kemikali iliyomo ndani yake, ndiyo ileile iliyotumika tangu zamani kutuliza maumivu ya jino. Na ukisikia karafuu au harufu ya plasta ya kidonda kwenye bia ambayo lebo yake haikuitaja karafuu, shuku hamira ya porini iliyojipenyeza, kwa maana nayo hutoa fenoli, kemikali zenye harufu kali zinazofanana na eujenoli.

Hilo linanirudisha kwa rafiki yako wa kwanza. Bia ya viungo huharibika, tena kwa urahisi kuliko bia nyingine, kwa sababu vijiti na maganda yanayotiwa baada ya uchachushaji yanaweza kuingia na vijidudu. Lakini dalili ulizozitaja si zake. Povu dogo ni la kawaida: kilevi kingi hulidhoofisha, na mafuta ya kakao huliua. Mashapo ni ya kawaida. Dalili za kweli ni hizi. Chupa ikifunguliwa bia inaruka na kumwagika yenyewe bila kutikiswa. Unaonja uchachu wa siki ambao hautokani na nafaka. Bia ambayo ilipaswa kuwa nzito inakuwa nyepesi kama maji. Ukisikia karatasi iliyolowa, hewa imeingia. Harufu kama ya sosi ya soya hutokea kwenye bia iliyozeeka vibaya. Bia iliyochacha kwa kawaida haikuumizi, kwa sababu kilevi, hopsi na asidi yake haviwapi nafasi vijidudu vya maradhi, ila haina raha. Cha kuogopa ni chupa yenyewe. Ukiona kizibo kimevimba, au chupa mwenzake ililipuka gesi, izungushie kitambaa, iweke kwenye friji, na uifungue juu ya sinki ukiwa umeielekeza mbali na uso.

Kifua chako sasa. Kilevi hulegeza msuli unaofunga mlango kati ya tumbo na umio, gesi inasukuma, pilipili inawasha, na ulikunywa haraka. Kwa usiku mmoja hilo linaeleweka. Lakini kama kiungulia hiki hukujia mara kwa mara hata bila bia, kama kinakuamsha usiku, kama chakula kinakwama unapomeza, au kama uliwahi kuambiwa una vidonda vya tumbo, usitafute jibu kwangu wala kwenye glasi. Nenda kwa daktari kabla ya chupa ya pili. Ukitapika damu, au ukipata choo cheusi chenye kunata kama lami, usijiambie ni rangi ya stauti. Nenda hospitali siku hiyohiyo. Maumivu ya kifua yanayobana na kusambaa kwenye mkono au taya hayasubiri hata hiyo siku kuisha. Vivyo hivyo midomo ikivimba, mwili ukitoka vipele, au pumzi ikikubana baada ya kunywa, maana viungo na nafaka vina watu vinavyowadhuru. Stauti nyingi tamu hutiwa pia sukari ya maziwa, ambayo tumbo la wengi hukataa, isome lebo. Mjamzito asiionje kabisa. Anayetumia dawa, hasa metronidazoli au dawa za usingizi, amuulize mfamasia kwanza. Na yeyote atakayekunywa asiendeshe gari.

Kuna msaada wa aina nyingine pia. Kama lile jaribio la mdalasini halikukupa kitu, ukaachia pua na usisikie chochote, nusa kahawa, nusa ganda la limau. Zikiwa kimya zote na huna mafua, pua yako inahitaji daktari wa masikio, pua na koo, hasa kama hali imezidi wiki mbili. Lakini kama pua ni nzima na bado unajiona hupati kitu kwenye bia, tafuta mtu mwenye uzoefu ukae naye meza moja kwa saa moja. Maandishi yangu yana mpaka. Mtu anayekwambia "hiyo, hiyo uliyoisikia sasa hivi, ndiyo ancho" hukufundisha kwa funda moja kile ninachojaribu kukieleza kwa kurasa.

Chupa ya pili: una njia tatu, na nitakupa maoni yangu kwa kila moja. Unaweza kuitunza. Stauti ya kifalme inavumilia miaka. Kilevi hutulia, na zabibu na tini hujitokeza. Lakini viungo havizeeki pamoja na bia. Kwa uzoefu wangu vanila na harufu ya ancho ndizo za kwanza kuondoka, wakati moto wa kapsaisini unabaki karibu ulivyokuwa. Ukiisubiri miaka mitatu unaweza kufungua bia laini yenye moto na isiyo na vanila, na hilo silo unalolitafuta. Mtengenezaji aliyetia viungo vinne alikusudia uvikute vyote vinne, kwa hiyo mimi ningeifungua ndani ya miezi michache. Kwa sasa isimamishe wima mahali penye giza na ubaridi, mashapo yake yatulie.

Unaweza kuichanganya. Wapo watakaokasirika kusikia hivi, lakini theluthi moja ya stauti ya kawaida isiyo na viungo, ikiongezwa kwenye theluthi mbili za hii, hupunguza moto bila kuua kakao. Sioni aibu kufanya hivyo baada ya kuionja kwanza kama ilivyo. Chupa ni yako.

Na unaweza kugawana, ambayo ndiyo ninayokushauri kwa moyo wote. Mililita 330 zinawatosha watu watatu. Waite wale rafiki zako wawili, yule wa "imeharibika" na yule wa "utazoea". Kuleni kwanza kitu kisicho na viungo vingi, mimineni kidogo kidogo, na kila mmoja aandike neno lake kwenye karatasi yake bila kuonyesha wengine: ikitoka friji, baada ya robo saa, baada ya nusu saa. Mkimaliza msioshe glasi. Iacheni mezani nusu saa nyingine, ikiwa tupu, kisha kila mmoja ainuse. Kilevi kitakuwa kimekwisha kupaa, na tone lililoganda chini ya glasi ndilo mara nyingi hunipa vanila iliyo wazi kuliko zote.